Kitu Hakivuki, Ujumbe Huvuka: Uhakiki wa Istilahi za Kompyuta Darasani

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe, mwezi Julai mwaka 2022, Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, sisi walimu wa Kiswahili wa West Nile tumekuwa tukiulizwa maswali ambayo zamani hayakutuhusu. Mojawapo hutoka kwa wanafunzi wa kompyuta wanaosoma Kiswahili kama somo la nyongeza mjini Arua: kazi yangu nitaielezaje kwa Kiswahili? Hutuletea insha zilizojaa istilahi walizookota katika orodha mbalimbali, na kwa mtazamo wa kwanza insha hizo zinapendeza. Upatanisho wa kisarufi uko sawa na maneno ni sanifu. Tatizo hujitokeza pale tunapouliza sentensi inasema nini hasa.

Tutazame sentensi ya aina tunayokutana nayo mara kwa mara: "Kitu cha programu asilia hutumwa kwa mteja wa JavaScript kupitia daraja." Mwalimu wa sarufi hawezi kuitia kalamu nyekundu. Lakini inaeleza jambo ambalo halitokei. Katika makala haya tunaihakiki sentensi hii moja, kwa kuwa tunaamini udhaifu wake si wa mwanafunzi bali ni wa namna tulivyozoea kuunda na kufundisha istilahi.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, maana wasomaji wetu wengi ni watu wa lugha. Katika makazi ya wakimbizi ya Lobule, wilayani Koboko, wanakoishi wakimbizi kutoka Kongo, na katika makazi mengine ya West Nile, taarifa za kaya siku hizi hujazwa kwenye simu badala ya karatasi. Zana zinazojulikana sana kwa kazi kama hiyo ni ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008, na KoboToolbox, ambayo jina lake halikutoka Koboko kama wanavyodhani baadhi ya wanafunzi wetu, bali katika Kiacholi, lugha ya jirani zetu, kwa maana ya kuhamisha. Kuna namna kadhaa za kuunda programu za fomu. Namna moja, iliyofuatwa na tawi la ODK liitwalo ODK-X, ni kuigawa programu sehemu mbili. Sehemu ya kwanza imeandikwa kwa Java, lugha iliyozoeleka katika simu za Android, nayo ndiyo inayoshika hifadhidata. Sehemu ya pili ni ukurasa wa JavaScript unaofunguka katika dirisha la kivinjari lililowekwa ndani ya programu hiyohiyo, nao ndio unaouliza maswali na kupokea majibu. Pande hizi mbili zinakaa katika simu moja, lakini kila upande una kumbukumbu zake. Ukurasa hauwezi kunyoosha mkono ukaishika hifadhidata. Unachoweza ni kupeleka ujumbe: nipatie rekodi ya kaya hii, hifadhi jibu hili.

Mfumo unaoliweka jambo hili wazi zaidi, kwa maoni yetu, ni Qt WebChannel, uliotoka pamoja na toleo la 5.4 la Qt mwezi Desemba 2014. Upande mmoja kuna programu ya C++. Mwandishi wake huchagua vitu anavyotaka vijulikane nje, akavisajili, kila kimoja kwa jina lake. Upande wa pili kuna ukurasa wa JavaScript. Ukurasa unapounganishwa haupokei vitu vyenyewe. Hupokea maelezo: kuna kitu kiitwacho hivi, kina sifa hizi, kinaweza kufanya haya, na hutoa taarifa hizi kinapobadilika. Kwa maelezo hayo ukurasa hujiundia wakala wa kila kitu. Wakala akiombwa jambo, huandika ujumbe katika maandishi ya JSON, huutuma, kisha husubiri. Sifa za kitu nazo huwekwa upande wa ukurasa kama nakala, na nakala hiyo husahihishwa kila inapofika taarifa kwamba sifa imebadilika kule ng'ambo.

Basi tukirudi kwenye sentensi yetu, kusema kwamba kitu "hutumwa" si kweli hata kidogo. Mtu anayeishi Arua, mwenye ng'ombe wake kwa ndugu yake Koboko, hamtii ng'ombe mfukoni. Humpa dereva wa teksi maneno: mwambie auze yule mweusi, aniambie bei. Ng'ombe hasogei. Anayemgusa ni ndugu peke yake, na jibu litakuja jioni teksi itakaporudi, kama itarudi. Mwanafunzi aliyeandika kwamba kitu kinatumwa amemsafirisha ng'ombe. Siku atakapokaa kuandika programu atashangaa kwa nini akibadilisha nakala iliyoko kwenye ukurasa pasipo kupeleka ujumbe, kitu halisi hubaki kama kilivyokuwa.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe. "Kitu" ni neno pana mno, nalo lina sura ya jambo lililolala, lisilosikia wala kujibu. Wapo wanaopendelea "kiolwa", lakini hilo linatokana na kuonekana, na vitu hivi havionekani na yeyote. Ukurasa hauvioni kamwe. Ajabu ni kwamba neno bora zaidi tunalo sisi wenyewe, katika madaftari ya sarufi. Mtendwa wa sentensi tunamwita yambwa. Tukilifungua neno hili tunasoma ndani yake kitenzi cha kale, kuamba, yaani kusema, ambacho leo kimebaki hai katika "ambia" na katika kirejeshi "amba-". Yambwa, kwa usomaji huo, ni ile inayoambwa: inayosemwa, inayopelekewa maneno. Alan Kay, mmoja wa waasisi wa lugha ya Smalltalk miaka ya 1970, aliandika mwaka 1998 kwamba alijuta kulieneza jina la vitu, kwa kuwa wengi waliving'ang'ania vitu wakasahau wazo kubwa zaidi, ambalo ni kutumiana ujumbe. Neno alilolikosa katika lugha yake, sisi tunalifundisha kidato cha tatu na kulitungia maswali ya mtihani.

"Mteja" nalo lina matatizo yake. Sokoni Arua mteja ni mnunuzi. Yeye ndiye anayeanza kuuliza, na muuzaji ndiye anayejibu. Nchini Kenya, kwa sababu ya ile sauti ya kampuni ya simu inayotangaza kwamba mteja hapatikani, vijana wakisema fulani ni mteja wana maana kwamba simu yake haishikiki. (Wanafunzi wetu waliosoma Nairobi hucheka kila tunapolitaja neno hili, na hatuwalaumu.) Katika mfumo tulioueleza, ukurasa haukai tu kuuliza. Programu ya upande wa pili inaweza kuanza yenyewe: sifa imebadilika, pokea taarifa. Huyo ni mteja anayepigiwa hodi na muuzaji. Neno linafaa pale kurasa nyingi zinapojiunga na programu moja, kila moja na ombi lake, na Qt WebChannel inaruhusu hivyo. Pasipo na haja hiyo, "ukurasa" latosha.

Kuhusu "asilia" hatuna mengi: linanukia mambo ya mababu, na katika wilaya zinazopokea wakimbizi tungependelea "programu mwenyeji", kwa kuwa kweli imempokea mgeni ndani ya dirisha lake. "Daraja" halidhuru mradi mwalimu akumbushe kwamba hapiti mtu wala mzigo juu yake.

Kosa zito zaidi limejificha katika wakati. Wanafunzi huandika: "Ukurasa unaita kitu na kupata jibu." Huo "na ku-" wetu huyaunganisha matendo mawili kana kwamba la pili limeshikana na la kwanza mgongoni. Ukweli ni kwamba kati ya kuita na kupata jibu kuna pengo, na katika pengo hilo ukurasa unaendelea na mambo mengine. Katika Qt WebChannel jibu hukabidhiwa kwa kazi iliyoandaliwa mapema, ambayo huamshwa jibu linapofika. Kiswahili kina zana za kulisema hili kwa usahihi ambao hatuuoni katika vitabu vingi vya kompyuta: "utakapojibiwa", "ukishajibiwa", "usipojibiwa". Viambishi -po-, -ki- na -sha- ndivyo vinavyobeba somo zima. Mwanafunzi aliyeandika "ukurasa hupeleka ombi; ukishajibiwa, huonyesha rekodi" ameielewa programu hata kama hajui istilahi moja. Na aliyeandika "usipojibiwa" ameshaanza kumfikiria mtumiaji aliyekaa mbele ya simu iliyoganda.

Tukigeukia upande wa usalama, huko ndiko tunakoona kwamba uteuzi wa maneno si mchezo wa walimu wa lugha. Insha nyingi husema vitu vya programu "hufichuliwa" kwa ukurasa. Kufichua ni kutoa siri, mara nyingi ya mtu mwingine. Hapa mwenye mali ndiye anayeamua, kwa hiari yake, nini kiwe wazi. Sisi tunapendekeza "kuanika". Muhogo ulioanikwa juu ya mwamba kando ya barabara ya Koboko umewekwa pale na mwenyewe, kwa sababu nzuri, lakini mbuzi wa kijiji kizima wanauona. Katika matoleo ya Android yaliyotangulia 4.2, ukurasa uliopewa kitu kimoja cha Java uliweza kwa njia za kuzunguka kuzifikia kazi ambazo mwandishi hakukusudia kuzianika, hata kuendesha amri ndani ya simu. Toleo la 4.2 la mwaka 2012 lilileta kanuni mpya kwa programu zilizolengwa kwake na kwa matoleo yaliyofuata: kila kazi itakayoitwa kutoka kwenye ukurasa iwekewe alama waziwazi. Katika Qt WebChannel nako, mgeni yeyote aliyefanikiwa kujiunga anaweza kuziita kazi za wazi za vitu vilivyosajiliwa. Ikiwa hifadhidata ile ina majina ya watu waliokimbia vita pamoja na mahali walipo sasa, mwandishi wa programu anapaswa kuwa na kitenzi kinachomkumbusha mbuzi.

Hatutaki tueleweke vibaya kuhusu kazi iliyokwisha kufanywa na wenzetu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba mtu anaweza kuandika barua kwa kompyuta pasipo kukutana na Kiingereza, na waliofuata walijengea hapo. Lakini kazi za aina hiyo zilihusu kinachoonekana kwenye kioo. Menyu inahitaji nomino na amri fupi: faili, hariri, hifadhi. Yanayotokea nyuma ya kioo ni mahusiano, nani anamwambia nani na lini anajibiwa, na mahusiano katika Kiswahili hukaa kwenye kitenzi. Tumeendelea kukusanya nomino kwa mazoea ya orodha zile za mwanzo, hata pale lugha yenyewe ilipotuwekea hazina mahali pengine.

Angalia mzizi mmoja tu wa "tuma". Tuna tumia, tumika, tumikia, tumiana. Tuna mtume na mtumishi. Mtumaji na mtumiaji hutofautiana kwa irabu moja, na katika mada yetu tofauti hiyo ndiyo mpaka kati ya upande unaopeleka ujumbe na mtu aliyeshika simu. Hapa kwetu kuna faida ya ziada. Mwanafunzi aliyelelewa ng'ambo ya Vurra, katika Kiswahili cha Kongo, akisema "ninatumika Arua" ana maana kwamba anafanya kazi Arua. Vitabu sanifu humsahihisha. Sisi tunaona kwamba ameihifadhi njia ya kutoka kutumwa hadi kutumikia, ambayo kitu kilichosajiliwa huipita kila siku: hutumwa kazi, kikaifanya, kikajibu. Mwanafunzi huyo aitwe mbele ya darasa aeleze, kabla hajasahihishwa.

Tumejaribu kuyatumia haya darasani, na hatujakubaliana katika yote. Mwenzetu anayefundisha Koboko anashikilia kwamba "yambwa" itawachanganya wanaosoma sarufi na kompyuta katika muhula mmoja, na kwamba "kitu" kikipewa vitenzi sahihi hakina ubaya wowote. Tumemjibu kwamba Waingereza nao hutumia neno moja kwa mambo hayo mawili na darasa halijabomoka, hakuridhika. Kwa sasa, katika kusahihisha insha, tunaikubali "kitu" na "yambwa" kwa alama sawa, na "hutumwa" ya kusafirisha ng'ombe tunaikata alama mbili.