Keki ya Harusi Hupimwa kwa Kisu

Ghorofa saba, maua hadi juu, ukumbi mzima ukapiga vigelegele na mshereheshaji akaiita keki ya mwaka. Mimi sikupiga makofi. Ghorofa tano zilikuwa foamu iliyovikwa fondanti, na meza za nyuma hazikuonja hata chembe. Pambo lisilolika lisiitwe keki.

Wateja huuliza ghorofa ngapi au kilo ngapi. Kilo zina fondanti ndani yake, na fondanti ni nzito. Uliza vipande vingapi. Jibu liko kwenye upana, na hapo ndipo karibu kila mtu hukosea. Keki ya duara ya inchi 12 si mara mbili ya ile ya inchi 6. Ni zaidi ya mara nne ukianza kukata. Kwa kipande cha harusi, inchi 1 kwa 2, kimo inchi 4, ya inchi 6 hutoa 12, ya 8 hutoa 24, ya 10 hutoa 38, ya 12 hutoa 56. Basi ghorofa tatu za 12, 10 na 6 zinalisha watu 106, wakati ghorofa tatu za 10, 8 na 6, ambazo pichani zina urefu uleule, zinaishia 74. Ya mraba ya inchi 12 inafika 72 peke yake.

Hesabu hiyo yote huharibiwa na anayekata pembetatu za bethidei. Fundi mmoja wa Tanga niliyemwona kazini hakumwachia mtu kisu. Alizungusha duara inchi 2 kutoka ukingoni, akaugawa mkanda ule inchi moja moja, ndipo akaingia duara la ndani, kila mkato akikifuta kisu kwa kitambaa cha maji ya moto. Laghai yeye huahidi watu 400, kisha huwaachia wahudumu waivunjevunje.

Hesabu vichwa, si kadi. Kadi ya double ni watu wawili. Keki za wazazi wa pande zote mbili huenda nzima, ziweke kando ya hesabu. Kwenye harusi ya Kichaga yenye ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchomwa anayekatwa kama keki, punguza robo ya vipande. Ghorofa zisizidi nne. Wageni wakizidi, keki bapa za ladha ileile zikatwe jikoni.

Zamani keki ilikuwa ya matunda, zabibu zimelowekwa siku nyingi, na kipande cha inchi 1 kwa 1 kilitosha. Ya inchi 10 iliwafikia watu zaidi ya 70, na bibi aliyebaki nyumbani akaletewa chake kwenye karatasi. Hizi za sifongo zilizojaa hewa zinataka kipande kikubwa maradufu.

Kabla hujatoa arubuni, mwambie fundi akuchoree mikato ya kila ghorofa. Asiyeweza kuichora, usimpe harusi yako.