Wimbo wa Malaika na Sauti ya Mdawida

Wimbo upendwao na wengi ni mgumu kupimwa, kwa sababu mapenzi hutangulia mizani. Mtu akiulizwa kwa nini aupenda, hujibu kwamba ni mzuri, na hapo mazungumzo hukoma. Lakini mhakiki hawezi kukomea hapo. Nakualika basi, msomaji, tuupime wimbo mmoja ambao hapana shaka umepata kuusikia, ama arusini, ama redioni, ama katika tamasha la shule. Wimbo huo ni Malaika, na mwimbaji aliyeutia katika santuri kwanza ni Fadhili William Mdawida.

Jina lake la mwisho lamtambulisha kwao. Mdawida ni mtu wa Dawida, ndilo jina ambalo wenyeji huviita vilima vya Taita, vile avionavyo upande wa magharibi msafiri ashukaye katika kituo cha Voi. Fadhili alizaliwa tarehe 11 Novemba 1938. Nchi ya wazee wake ilikuwa imekwisha kuguswa na dunia ya mshahara. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imepita Voi tangu mwisho wa karne ya 19, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilichipua tawi lililokwenda Taveta. Mashamba makubwa ya mkonge yalienea katika nchi tambarare, na vijana wengi waliteremka vilimani kutafuta kazi huko, au walipanda gari la moshi kwenda Mombasa na Nairobi. Fadhili naye alikwenda mjini, akashika gitaa, akaimba na kundi la Jambo Boys. Yapata mwaka 1959 kundi hilo lilirekodi Malaika, naye baadaye akaurekodi tena. Katika miaka ya 1960 alikuwa mmoja wa wanamuziki wa studio ya Equator Sound ya Nairobi, iliyoongozwa na Charles Worrod, pamoja na Daudi Kabaka na wengineo.

Tuutazame sasa wimbo wenyewe. Habari yake ni fupi. Kijana ampenda msichana, amwita malaika, na ataka kumwoa. Lakini hana kitu. Hamlaumu msichana, hamtukani baba mkwe, wala hajisifu kwamba kesho atatajirika. Asema tu kwamba ampenda na kwamba ameshindwa. Mtu asikiaye kwa haraka hudhani ni wimbo wa mapenzi matupu. Asikiaye kwa makini hutambua kwamba ni wimbo wa mahari.

Angalia uchaguzi wa maneno. Wimbo wataja mali, na tena wataja pesa. Maneno haya mawili hayana maana moja. Kwa Wataita, kama kwa majirani zao wengi, mahari ilihesabiwa kwa mifugo, na kijana aliyepungukiwa aliweza kusaidiwa na baba, wajomba na ndugu wa ukoo. Hiyo ilikuwa mali. Pesa ni kitu kingine: hutafutwa na mtu peke yake, mbali na kwao, kwa kipimo cha mwajiri. Kijana wa wimbo huu amekwama kati ya zama mbili. Hana ng'ombe wa zama za babu yake, wala hana shilingi za zama zake mwenyewe. Sikusudii kusema kwamba wimbo ulitungwa Taita, maana hilo lina mabishano; nasema kwamba kijana wa Voi au wa Mwatate aliyeusikia miaka ile hakuhitaji kufafanuliwa.

Fadhili aliuimba kama ipasavyo habari hiyo. Sauti yake ni ya upole, haipandi kwa kujionyesha, na magitaa yaenda nayo polepole bila kushindana nayo. Amwimbia mtu mmoja aliye karibu, kana kwamba hataki jirani asikie aibu yake. Huo ndio uzuri wa kazi yake. Yafaa tukumbuke pia kwamba wengi waliomsikia hawakumwona. Santuri na redio zilichukua sauti zikaacha uso. Televisheni ilianzishwa Kenya mwaka 1962, na miaka ile ilikuwa kitu cha nyumba chache za mjini. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni yake hadi miaka ya 1990. Mwimbaji wetu alikuwa mtu wa sikio katika zama ambazo ulimwengu wa mbali ulikwisha anza kusikiliza kwa macho.

Huko Marekani mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1959 Harry Belafonte alipata kipindi chake katika televisheni, nacho kilimletea tuzo ya Emmy mwaka 1960. Mwaka huohuo wa 1959 Miriam Makeba, binti wa Afrika Kusini, alionyeshwa kwa mamilioni ya watazamaji katika kipindi cha Steve Allen. Mwaka 1965 wawili hao walitoa pamoja santuri iitwayo An Evening with Belafonte/Makeba, iliyopata tuzo ya Grammy, na Malaika umo ndani yake. Nyuso zao zilikwisha julikana majumbani mwa watu. Haikuwa ajabu, basi, kwamba wengi huko ng'ambo waliamini wimbo huu ni wa Makeba.

Je, Makeba aliuharibu? Wako wasemao hivyo, nami sikubaliani nao. Ni kweli kwamba kitenzi cha wimbo huu ni kuoa, na katika Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa; hivyo mwanamke auimbapo husema maneno ya mwanamume. Lakini mwimbaji ni kama msimulizi wa hadithi, aweza kuazima ulimi wa yeyote. Makeba aliupanua wimbo. Kwa Fadhili ni siri ya kijana mmoja. Kwa Makeba, aliyezuiwa kurudi kwao tangu mwaka 1960, umekuwa kilio cha kila anyimwaye akipendacho. Hasara yake ni kwamba ile aibu ya mfuko mtupu imefifia. Waliokuja baadaye walikwenda mbali zaidi. Kundi la Boney M. liliutoa mwaka 1981 kwa mdundo wa kuchezwa dansi, na humo maneno yamegeuka pambo. Mtu aweza kucheza mpaka mwisho asijue kwamba kuna kijana amenyimwa mke.

Labaki swali la mwenyewe. Jina la Adam Salim wa Tanzania hutajwa kuwa ndiye mtungaji, na jina la Grant Charo pia hutajwa. Mabishano hayo yalidumu miaka mingi, na Fadhili mwenyewe, baada ya kuishi Marekani kwa muda mrefu na kurudi Kenya, alifariki Nairobi tarehe 11 Februari 2001 yakiwa hayajatulia. Mhakiki si hakimu wa mahakama, lakini aweza kutenganisha kazi. Yuko atungaye maneno na sauti. Yuko aupaye wimbo umbo la kuimbika. Na yuko aupelekaye kwa watu. Kila mmoja astahili haki yake, na haki ya mmoja isiwe sababu ya kumdhulumu mwingine. Kazi ya pili na ya tatu, kwa hapa petu Afrika ya Mashariki, Fadhili alizifanya, na hakuna anayeweza kumpokonya. Wala usipite bila kuona jambo hili zito: wimbo wa mtu asiye na pesa ulizunguka dunia ukiwapatia wengine pesa, huku watu wakigombana nyumbani ni nani alipwe.

Hukumu yangu ni kwamba sauti ya Makeba ni kubwa kuliko ya Fadhili, lakini Malaika wa Fadhili ni mkamilifu zaidi, kwa kuwa ndani yake sauti na maneno vyasema jambo moja. Usinikubali kwa sababu mimi ni mwalimu. Tafuta rekodi zote mbili, fumba macho ili uso wa mtu usikushawishi, sikiliza neno kwa neno, kisha pima mwenyewe.