Stakabadhi Iko Wapi?

Katika soko la Bondo, kaunti ya Siaya, mama anayejua kununua omena hatazami samaki kwanza. Huipindua gorogoro ya kupimia akapapasa kitako chake kwa kidole, maana anajua kwamba kitako kilichogongwa kwa nyundo kikabonyea ndani humpunja mnunuzi bila muuzaji kutamka uongo wowote. Akiridhika na kipimo ndipo anapouliza bei. Ukaguzi wa matumizi ya serikali huanza vivyo hivyo. Mkaguzi hodari haanzi na jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa, bali huanza na kipimo kilichotumiwa kuifikia.

Nimefuatilia vikao vya kamati za Bunge zinazokagua hesabu kwa muda mrefu, na bado vinanivutia kuliko mjadala wowote wa ukumbini. Wengi huviona vikavu. Mezani kuna marundo ya karatasi na chupa za maji, na mtu mmoja anauliza kwa sauti ya kawaida: stakabadhi iko wapi? Likiulizwa na anayejua kuuliza, swali hilo lina uzito kuliko hotuba ya saa nzima.

Chukua faili moja ya safari ya kikazi. Afisa wa kaunti anatoka Siaya kwenda Mombasa kwa warsha ya siku tano. Kabla hajaondoka anapewa masurufu, yaani pesa za malazi na chakula kwa viwango vya Tume ya Mishahara na Marupurupu. Akirudi, kanuni za usimamizi wa fedha za umma za mwaka 2015 zinampa siku 7 za kazi kuzitolea hesabu. Akishindwa, pesa hizo hukatwa kwenye mshahara wake pamoja na riba. Mkaguzi anapoifungua faili hiyo anatafuta barua ya mwaliko, tiketi ya basi au ya ndege, orodha ya waliohudhuria na ripoti ya safari. Kisha hufanya jambo ambalo msomaji wa kawaida hangelifikiria: huiweka faili hiyo kando na kuomba nyingine isiyohusiana nayo hata kidogo, faili ya likizo. Aliyekuwa likizo tarehe 14 hawezi kuwa alitia sahihi ukumbini Mombasa tarehe 14.

Halafu huomba daftari la safari za gari, akalinganisha kilomita na lita za mafuta. Gari lenye tangi la lita 80 haliwezi kujazwa lita 120 kwa mara moja, na gari lililolala gereji mwezi mzima halinywi dizeli. Huitazama tena orodha ya wahudhuriaji, sahihi thelathini zilizolala upande mmoja, zote kwa kalamu moja. Hata hapo halitaji neno wizi. Huandika tu kwamba hati za kuthibitisha matumizi haya hazikuwasilishwa kwa ukaguzi.

Naupenda sana utulivu wa sentensi hiyo. Imesema kile ambacho karatasi zimeonyesha na ikakomea hapo. Aliyeiandika huenda alikesha akihesabu, huenda aliudhika, na huenda alijua jina la nyumba iliyojengwa kwa pesa hizo. Hayo yote ameyaacha nje, kwa hiyo wakili atakayetafuta chuki katika sentensi yake hataipata.

Stoo nayo ina njia zake. Dawa zilizonunuliwa kwa ajili ya hospitali ya umma zinapaswa kuacha alama kwenye fomu ya S13 zinapopokelewa, kwenye kadi ya S3 inayoonyesha salio, na kwenye S11 zinapotolewa kwenda wodini. Zikionekana kwenye vocha ya malipo peke yake, mkaguzi huenda kuitazama rafu kwa macho yake. Wanaodhani ukaguzi ni kazi ya kukaa kitini hawajamwona mkaguzi akipanda ngazi kuhesabu katoni, au akipima kwa hatua zake barabara ambayo hati zinasema ina urefu wa kilomita tatu.

Ripoti ikikamilika, huenda Bungeni, na hapo kazi hubadilisha mikono. Kamati ya Bunge ya Uhasibu wa Pesa za Umma, PAC, humwita katibu wa wizara, ambaye kisheria ndiye anayejibu kwa kila shilingi ya wizara yake. Anaapishwa. Chini ya kifungu cha 125 cha Katiba, kamati ina uwezo sawa na wa Mahakama Kuu wa kuita mashahidi na kudai hati. Kando ya wabunge huketi maafisa kutoka ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ripoti inasomwa aya kwa aya, na katibu anajibu kwa utaratibu huo huo. Mara nyingi hutokea kwamba hati zilizokosekana wakati wa ukaguzi zinaibuka siku ya kikao, zikiwa safi na zimepigwa mihuri. Mwenyekiti asiyejua kazi huzipokea na kushukuru. Anayeijua humgeukia mkaguzi na kuuliza kama hati hizi zilikuwapo alipoziomba, kisha humgeukia katibu na kuuliza zilikuwa wapi miezi yote hiyo.

Mbunge anayehutubia humpumzisha shahidi. Hilo nimeliona mara nyingi sana, na linaniuma kila mara. Dakika tano za ghadhabu mbele ya kamera humpa katibu nafasi ya kunywa maji, kupokea kikaratasi kutoka kwa mhasibu wake aliyeketi nyuma, na kujipanga upya. Bingwa wa kazi hii huuliza maswali mafupi, moja baada ya jingine. Nani aliidhinisha? Tarehe gani? Mzigo ulipokewa na nani? Huyo aliyepokea alikuwa ameajiriwa tarehe hiyo? Baada ya swali la nne hunyamaza, na ukimya huo humlazimu shahidi aseme.

Ufundi huu una historia ndefu nje ya kwetu. Bunge la Uingereza liliunda kamati yake ya kukagua hesabu mwaka 1861, na sehemu kubwa ya utaratibu tunaoufuata imetoka huko, ikiwemo desturi ya kumpa kiti cha mwenyekiti mtu wa upinzani. Lakini ukiniuliza ni wapi Kenya ilipopata wengi wa watu wake wa kuuliza, nitakuonyesha mwambao wa Ziwa Victoria.

Jaramogi Oginga Odinga alikuwa mtu wa hesabu za wengi kabla ya kuwa mtu wa siasa za kitaifa. Mwaka 1947 alianzisha Luo Thrift and Trading Corporation, akazunguka kuwauzia watu wa kawaida hisa. Mtu aliyewahi kushika pesa za namna hiyo anajua kwamba kila shilingi ina mwenyewe. Katika uchaguzi wa Desemba 1992, akiwa na miaka 81, alirudi Bungeni kama mbunge wa Bondo na kiongozi wa chama cha FORD-Kenya, na mwaka 1993 akaongoza PAC.

Mwaka huo ndio uliofichua kashfa ya kampuni ya Goldenberg. Karani wa Benki Kuu ya Kenya, David Munyakei, aliyekuwa akishughulikia karatasi za madai ya kampuni hiyo, aliona malipo ambayo hayakuingia akilini. Goldenberg ilikuwa ikilipwa fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ilizodai kuuza ng'ambo. Kenya haikuwa na almasi ya kuuza, na dhahabu yake ilikuwa kidogo mno. Mtu wa Bondo hahitaji kufundishwa hilo. Wachimbaji wa dhahabu wa Abimbo, huko huko Bondo, wanajua ni mawe mangapi hupondwa na matope kiasi gani huoshwa hadi zipatikane gramu chache. Munyakei alitoa nakala za karatasi hizo, zikawafikia wabunge Paul Muite na Peter Anyang' Nyong'o, wakati huo mbunge wa Kisumu Rural, na jambo likafikishwa Bungeni. Karani mwenyewe alikamatwa, akashtakiwa, akaachiliwa kwa kukosekana ushahidi, na kazi yake hakurudishiwa. Alifariki mwaka 2006. Hakuwa mbunge wala mkaguzi, lakini kwangu ndiye mwalimu wa kwanza wa ufundi huu nchini, kwa sababu aliyasoma maandishi yaliyokuwa yakipita mezani pake kila siku na hakukubali kuyazoea.

Jambo jingine la mwaka 1993 sitalipita kwa haraka kwa sababu ya heshima tuliyo nayo kwa mzee. Jaramogi alikiri hadharani kwamba alipokea shilingi milioni 2 kutoka kwa Kamlesh Pattni, mwenye Goldenberg, akasema ulikuwa mchango kwa chama. Alikuwa mwenyekiti wa PAC. Alifariki Januari 1994, na mpaka leo wanaompenda huona uchungu kulizungumza. Mimi nalizungumza kwa kuwa kazi hii haimvumilii anayeuliza akiwa na deni kwa anayeulizwa, hata kama deni hilo limeingia kwa mlango wa chama. Mwaka 2015 tuliliona tena, madai ya hongo miongoni mwa wanakamati yalipofanya PAC iundwe upya.

Aliyekabidhiwa kamati hiyo mpya ni jirani wa Bondo, mhandisi Nicholas Gumbo, mbunge wa Rarieda. Chini yake PAC ilichunguza kupotea kwa shilingi milioni 791 katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Humo hamkuwa na vocha za mkono za kupekua, maana malipo yalipita kwenye mfumo wa kompyuta na nywila za maafisa zikawa kiini cha mambo. Ilibidi kamati ijifunze kuuliza kwa namna mpya: nywila hii ni ya nani, na saa hiyo nani alikuwa ameketi kwenye kompyuta? Baada yake akaja Opiyo Wandayi wa Ugunja, Siaya hiyo hiyo, kuanzia 2017 hadi 2022. Kisha John Mbadi kutoka Suba, ng'ambo ya ghuba. Katika Seneti, Nyong'o alipokuwa seneta wa Kisumu aliongoza kamati ya hesabu za kaunti, na Moses Kajwang' wa Homa Bay akashika kazi hiyo baadaye.

Wengine wao wamevuka meza. Nyong'o akawa gavana mwaka 2017, akaingia katika kundi la wanaotakiwa kujibu mbele ya kamati aliyoiongoza. Mbadi na Wandayi waliingia Baraza la Mawaziri Agosti 2024, mmoja Hazina ya Kitaifa na mwingine Kawi. Nadhani hiyo ni heri kwa nchi, mradi kiti walichokiacha kipate anayeuliza kama wao au zaidi. Anayejua mahali ambapo hesabu hufichwa anaweza kuifunga milango hiyo akiwa ndani, na akishindwa, anastahili kuulizwa kwa ukali kuliko mwingine yeyote.

Hofu yangu iko karibu zaidi na nyumbani. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, pesa nyingi zinazomgusa mtu wa Bondo hupitia Siaya mjini. Anayepaswa kuziuliza kwanza ni diwani, kabla ya seneta aliye Nairobi. Eneo bunge la Bondo lina wadi sita, kwa hiyo lina madiwani sita waliochaguliwa wenye haki ya kudai hati. Madiwani wengi hupimwa kwa barabara walizochongesha na karo walizolipia watoto, na si haki kumlaumu diwani kwa kufuata kipimo ambacho sisi wenyewe tumemwekea. Hakuna anayemsifu kwa kusoma aya 40 za ripoti usiku na kugundua kwamba bili moja imelipwa mara mbili. Afisa aliyeidhinisha malipo hayo, kwa kifungu cha 226 cha Katiba, anapaswa kufidia hasara mwenyewe, hata kama ameshaondoka ofisini. Kifungu hicho hakijitekelezi. Kinamhitaji mtu aliyesoma, akaweka alama kwa penseli, akaingia kikaoni na swali moja lililonolewa.

Ningetamani wanafunzi wa uhasibu wa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, walio hapo hapo Bondo, wafundishwe kwa ripoti za kaunti yao wenyewe, wajue kusoma maelezo ya chini ya jedwali kwa bidii ile ile wanayosomea mtihani. Ningetamani pia madiwani wawape nafasi ya kukaa nyuma yao kikaoni, kama wahasibu wanavyokaa nyuma ya makatibu.

Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni. Kwa mujibu wa kifungu cha 229, Mkaguzi Mkuu ana miezi sita kukamilisha ripoti, na Bunge au bunge la kaunti lina miezi mitatu baada ya kuipokea kuijadili na kuchukua hatua. Ripoti hizo huwekwa kwenye tovuti ya ofisi yake, na vikao vya bunge la kaunti viko wazi kwa umma. Basi diwani wako akija mazishini au kwenye harambee, msalimie kwa heshima, mpe kiti, kisha muulize ni aya zipi za ripoti ya Siaya ambazo bado hazijajibiwa, na ni ipi kati ya hizo aliyoiuliza yeye.