Nani Anabana Pua? Msamiati wa Uvundo wa Kiingereza na Usomaji wa Riwaya ya Armah

Katika kazi nyingi za semina, na hata katika majibu ya mitihani, riwaya ya Ayi Kwei Armah, The Beautyful Ones Are Not Yet Born (1968), huhakikiwa kwa sentensi moja iliyozoeleka: kwamba mwandishi ametumia taswira ya harufu mbaya kuonyesha ufisadi nchini Ghana baada ya uhuru. Basi. Mhakiki anatia nukta, anahamia kwa wahusika. Sentensi hiyo si ya uongo, ila haijasema kitu. Harufu mbaya ipi? Puani mwa nani? Makala haya yanadai kwamba maneno ya Kiingereza yanayotaja uvundo hayaelezi kitu kinachonuka tu. Yanamweleza pia anayenusa, na mahali aliposimama. Asiyeliona hilo ataisoma riwaya ya Armah nusu nusu.

Hebu tuanze na lugha yenyewe. "Stink" ni neno la Kiingereza cha kale, na hapo mwanzo lilimaanisha kutoa harufu tu, iwe ya ua au ya mzoga. Baadaye likaachiwa mzoga peke yake. Hata "smell", ambalo tunalichukulia kuwa halina upande, ukisema tu kwamba fulani "smells" bila kuongeza neno la sifa, umeshamtukana. Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa: "kunuka" kwetu ni kubaya, na tukitaka kusifu inabidi tuongeze kiambishi tupate "kunukia". "Reek" lilihusu moshi, na ndiyo maana mji wa Edinburgh, kwa moshi wake wa makaa, ukaitwa kwa utani Auld Reekie. "Rank" lilianza na maana ya kiburi na nguvu, likaenda kwenye magugu yaliyostawi kupita kiasi, ndipo likafika puani. Shakespeare anamtia Claudius neno hilo kinywani katika Hamlet, pale anapokiri kumuua ndugu yake. "Noisome" nalo halina uhusiano na kelele, kama wengine wanavyodhani. Asili yake ni "annoy", yaani kuudhi.

Juu ya maneno hayo ya kienyeji yaliongezwa mengine. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya mabwana, na kupitia njia hiyo na ile ya Kilatini cha wasomi Kiingereza kikapata "odour", "putrid", "fetid" na, baadaye, "malodorous". Matokeo yake ni ngazi. Chini kuna maneno mafupi ya mdomoni, juu kuna maneno marefu ya karatasini. Mfereji ulio "malodorous" unaandikiwa ripoti. Ule ambao "stinks" unaukimbia.

Historia inatupa ushahidi mzuri. Kiangazi cha mwaka 1858, mto Thames uliojaa maji machafu ya London ulinuka kiasi kwamba wabunge pale Westminster walishindwa kukaa, na mapazia yakalowekwa dawa. Mitaa ya maskini ilikuwa imeishi na uvundo huo miaka mingi. Ulipoingia madirishani mwa Bunge, sheria ya kugharamia mifereji mikubwa ya chini ya ardhi ilipitishwa mwaka huo huo. Tukio lenyewe limebaki na jina la "the Great Stink". Si "odour", bwana! Heshima ya msamiati iliishia pale pua ya mkubwa ilipofikiwa. Naye George Orwell, katika The Road to Wigan Pier (1937), anaeleza wazi kwamba watoto wa tabaka lake walifundishwa kuamini kuwa watu wa tabaka la chini wananuka. Anaona kwamba chuki ya aina hiyo ni ngumu kuing'oa, kwa kuwa imekaa mwilini. Neno la harufu, kumbe, ni ukuta.

Kiswahili kinakwenda njia nyingine. Mara nyingi sisi tunataja chanzo: shombo ni ya samaki, kikwapa ni cha kwapa, uvundo ni wa kitu kilichooza. Tukitaka kuongeza ukali hatutafuti kitenzi kipya. Tunasema "ananuka fee" na kazi imekwisha. Tena harufu sisi tunaisikia, kama sauti. Inakuja yenyewe, haikuulizi cheo chako. Kwa hiyo tunapotafsiri kila neno la Armah kwa "harufu mbaya", tunatupa vitu viwili kwa mpigo: ngazi ya Kiingereza na chanzo cha Kiswahili.

Sasa turudi kwenye riwaya. Mwanzoni kabisa, ndani ya basi, kondakta ananusa noti ya sedi, fedha ambayo Ghana ilianza kuitumia mwaka 1965. Noti ni mpya, lakini harufu yake ni ya zamani na imeoza, na kondakta anaifurahia. Neno analotumia Armah hapo ni "stench", neno ambalo kazi yake ya kawaida ni kumsogeza mtu mbali. Yeye analitumia kumsogeza karibu. Dakika chache baadaye kondakta huyo huyo anamtukana abiria aliyesinzia na kuchafua kiti kwa udenda. Aliyebanwa pua ni maskini aliyelala. Kilichooza kweli kimo kiganjani mwa anayetukana. Na mwishoni, baada ya mapinduzi, waziri Koomson ananuka kwa hofu ndani ya nyumba ya mtu ambaye mkewe, Oyo, alikuwa akimlaumu kwa kutokuwa kama waziri huyo. Njia ya kutorokea ni tundu la choo, na mwenye nyumba, mtu mwadilifu, anapita humo humo.

Chinua Achebe aliiona riwaya hii kuwa kazi yenye ugonjwa, na wasomaji wengi wamehisi kwamba Armah anaitazama Ghana kwa jicho la mgeni anayebana pua. Mimi sikubaliani. Mgeni angepanda ngazi ya Kilatini akaandika ripoti. Armah amelichukua neno la dharau na kuivunja ile nafasi kati ya anayenusa na kinachonuka. Hakuna anayetoka msafi, hata shujaa wake. Udhaifu ninaouona ni mwingine: uvundo unarudiwa mno hata pua ya msomaji inazoea, na kuzoea ndiko hasa riwaya inakokupinga.

Nawashauri wenzangu waisome sambamba na tafsiri ya Abdilatif Abdalla, Wema Hawajazaliwa, wakiwa na kalamu mkononi. Kila penye uvundo waulize: nani anausikia, na amesimama wapi? Atakayeandika tena "taswira ya harufu mbaya" na kutia nukta, tumdai jibu.