Mita Isiyopokea Simu

Mpangaji wa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben akinunua stima kwa M-Pesa, paybill 888880, ujumbe unamletea tarakimu 20. Anazibonyeza, mita inasoma yuniti, taa inawaka. Tokeni ya aina hii haihitaji laini yoyote kati ya mita na kompyuta za Kenya Power: anayeibeba ni mteja mwenyewe. Mfumo huu, STS, ulitungwa Afrika Kusini mapema miaka ya 1990, ambako nyumba nyingi hazikuwa na simu. Usalama ulikuja kama nyongeza, na nyongeza yenyewe ni kubwa.

Ukubwa wake unaonekana ukikumbuka enzi za kompyuta kupigiwa simu, ambapo kila modemu iliyoitikia ilikuwa mlango. Wadukuzi walipanga mashine ipige nambari moja baada ya nyingine, ikisikiliza mlio. Mwaka 1986 taasisi ya viwango ya Marekani ilichapisha mwongozo wa Eugene Troy kuhusu ulinzi wa laini hizo. Humo mlielezwa visanduku vilivyokaa mbele ya kompyuta na kudai siri yao wenyewe kabla kompyuta haijajua kuna mgeni. Vingine vilinyamaza simu ikiingia, mwindaji asisikie mlio. Vingine vilikata, kisha vikampigia mtumiaji kwa nambari iliyosajiliwa. Hapo palikuwa na tundu: kwenye baadhi ya mitambo ya simu, laini haikatiki mpaka aliyepiga akate. Mjanja alishikilia tu, akaigiza mlio wa laini huru. Kisanduku kikabonyeza nambari halali na kumkuta yeye yule. Tiba ikawa kurudisha simu kwa laini ya pili.

Mita ya STS haina cha kushikiliwa hivyo. Tokeni hufungwa kwa ufunguo wa mita moja, kwa hiyo ya jirani haikufai. Ndani yake mna dakika iliyouzwa, nayo mita hukumbuka zilizokwisha kutumika. Ukinunua mara mbili ndani ya dakika moja, ya pili hupewa dakika inayofuata. Dakika hizo zilihesabiwa tangu 1993 kwa biti 24, zikajaa tarehe 24 Novemba 2024; ndiyo sababu ya pilkapilka ya wateja kubonyeza nambari mbili za ziada kabla ya tokeni yenyewe.

Hata hivyo, ufunguo lazima uwepo pia upande wa muuzaji, na huko ndiko Eskom ya Afrika Kusini ilikoumizwa na tokeni za magendo. Mukuru anayeiba umeme hahangaiki na ufunguo wala tokeni. Sambaza, yaani umeme wa kuunganishwa kiholela, hutoka kwenye nguzo moja kwa moja, waya juu ya mabati, mita haijui lolote. Fedha za ulinzi ningezipeleka kwenye mita ya transfoma, ilinganishe umeme uliotoka na tokeni zilizouzwa, kabla ya kugusa tarakimu hata moja kati ya zile 20.