Kilema Asiyesimulia: Ngano ya Nyamgondho

Ngano ya Nyamgondho wuod Ombare, isimuliwayo na Waluo wa Gwassi kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria, hufasiriwa kuwa onyo dhidi ya kiburi cha tajiri. Fasiri hiyo si potofu, ila ni finyu. Mvuvi alimnasa kikongwe, ambaye katika baadhi ya masimulizi ana chongo. Akamwoa, boma likajaa ng'ombe. Siku alipolewa na kumtukana, mke alirudi ziwani, mifugo yote ikimfuata. Je, yeye aliyaonaje maisha yale? Fanani haulizi, ulemavu wake ni mizani ya kumpimia mume tu. (Kiswahili nacho humpa kilema umbo la kitu, ingawa upatanisho humrejesha kwa watu.) Wakusanyaji wa fasihi simulizi Kisumu na wawaombe wanawake wenye ulemavu waisimulie kwa nafsi ya kwanza, ionekane kama nao watamrudisha ziwani.