Vitunguu Vidogo vya Uani

Mkulima wa soko hutaka vitunguu vikubwa. Anayelima uani kwa ajili ya sufuria yake mara nyingi hutaka vidogo: kimoja chatosha mchuzi wa watu wawili, hakuna nusu inayobaki kunyauka kabatini, na kwenye achari huingia kizimakizima. Udogo huo haupatikani kwa bahati. Wanaoujua hubana nafasi. Shambani mche hupewa sentimita 10 hivi kutoka kwa mwenzake. Wao huupa 5, kisha wanauacha ugombanie.

Kazi yenyewe huanzia kwenye mbegu. Mbegu ya kitunguu haidumu. Ikipita mwaka mmoja, nyingi hazioti tena. Aina nayo huchaguliwa. Kitunguu hujaza kwa kufuata urefu wa mchana, na huku kwetu karibu na ikweta mchana haupungui wala kuzidi sana saa 12. Red Creole na Bombay Red huridhika nao. Zile za Ulaya zinazongoja mchana wa saa 14 zitakupa majani tu, na hakuna samadi itakayozibadili nia.

Miche hukaa kitaluni wiki sita hadi nane, mpaka ifikie unene wa penseli. Hapo ndipo ninapopenda kutazama mikono ya mjuzi. Huupanda mche juujuu, mizizi tu ndiyo ifunikwe, na wakati wa palizi hupunguza udongo mabegani mwa kitunguu badala ya kuurundika kama kwenye viazi. Mizizi yake ni mifupi na haiendi chini, kwa hiyo hutumia kijembe kidogo, au vidole tu. Kila jani analolilinda ni ganda moja ndani ya kitunguu; anayechuma majani ovyo kwa ajili ya kachumbari anajipunguzia mavuno mwenyewe.

Kinachonishangaza zaidi ni jinsi anavyojua kunyima. Vitunguu vikishaanza kujaza, samadi husimama, kwa sababu ikizidi mwishoni huleta shingo nene isiyokauka. Majani yakianza kulala yenyewe, maji nayo hukatwa. Wapo wanaoyakanyaga majani ili yalale haraka. Mjuzi hana haraka hiyo. Hungoja mpaka karibu nusu ya tuta ilale, ndipo ang'oe. Kitunguu kilichobaniwa maji huwa kikali zaidi, na kidogo chake hutosha kuungia.

Kisha ni kuanika kivulini, penye upepo, majani yakiwa bado yameshikana na vitunguu, mpaka shingo zisinyae zikauke. Vyenye shingo nene hutengwa siku ileile vipikwe wiki hiyo, kwani kimoja kikiingia kwenye fungu huozesha wenzake. Vilivyobaki hufungwa kwa majani yao na kuning'inizwa jikoni, mbali kidogo na mvuke wa sufuria.